Siku Nilijibu Fizike na Chukudu

Bakadogo, mbele ya yote nikubali: hii habari itanionyesha mujinga. Na si mujinga kidogo, ule wa kusahau ufunguo ndani ya nyumba. Mujinga kamili, wa kusimama mbele ya tablo kule Beni, craie mu mukono, batoto ya shule makumi tatu na moja banakuangalia, na mu kichwa muko upepo tu. Mucheke, lakini musimalize kicheko yote hapa mwanzo, kuko mahali mutaihitaji.

Nawaandikia juu naona siku hizi kila mutu iko na telefone, na kila mwenye telefone anataka kujibu bengine maswali. Mimi ile kazi niliifanya myaka tatu. Sasa niko pensionné. Niko na myaka makumi mbili na tano, mais pension ni pension.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mwanafunzi iko na devoir ya fizike, ao ya mekanike, ao ya kujenga. Anashindwa. Anapiga devoir picha, anatuma mu groupe yetu. Kisha saa moja, ao saa tatu kama rezo ya telefone iko na hasira, jibu inarudi imeandikwa muzuri, na mishale, na bintu yote. Groupe tuliiita Fizike Bila Machozi. Mulikuwa batoto ya Butembo, ya Beni, ata moja wa Lubero mwenye alikuwa anapanda ku muti juu ya kupata rezo. Ule tulikuwa tunamujibu mbele ya bengine, asianguke.

Na ku picha ya groupe mulikuwa muzee moja wa lineti ya macho, anaangalia mbali sawa mutu mwenye anajua kila kitu.

Sasa mutaniuliza: Kakule, wewe fizike ulisoma wapi? Mimi nilisoma primaire, shule ya musingi tu. Certificat niko nayo, mama aliiweka mu kadre pembeni ya picha ya ndoa yake. Ile muzee wa lineti haikukuwa mimi. Ilikuwa Prof Mbusa.

Prof Mbusa alifundisha fizike mu shule za teknike za Butembo myaka makumi tatu. Alipoenda mu pension, ya kweli, si kama hii yangu, macho ikaanza kukataa kazi. Mutu alikuwa anaona. Mbuzi alikuwa anaona. Mais tofauti ya 3 na 8 ilikuwa imekwisha. Mimi nilikuwa na meza ya kusharji telefone mbele ya parsele yake, chini ya parasol. Batoto balikuwa banakuja kwake na bakaye, zile daftari zao. Siku moja barabara ya Beni ikafungwa, mutoto moja wa kule hakuweza kufika, akatuma picha ku telefone yangu: «Grand, umusomee Prof.» Nikamusomea. Prof akafunga macho, akajibu sawa mutu anasoma ku ukuta. Mimi nikaandika, nikatuma. Njo vile ilianza. Yeye kichwa, mimi kidole.

Na kidole musiizarau. Kidole njo ilijua kama picha ya devoir lazima iwe ya ukurasa yote, juu mwanafunzi anapendaka kukata ile mustari yenye iko na siri. Kidole njo ilijua kugeuza picha yenye ilikuja kichwa chini. Kidole njo iligundua kama mutoto akiandika «SOS SOS Prof haraka», haiko devoir: iko mu interro, ule mutihani wa classe, amekalia telefone. Siku ya kwanza nilimusomea Prof SOS moja ya vile. Akauliza:

«Iko wapi huyu mutoto?»

«Nazani iko mu classe, Prof. Anaandika eti mwalimu anakaribia.»

«Muandikie hivi: kitu yenye hakuna nguvu inaisukuma, inabaki pale iko. Na yeye iko mu classe ya tatu. Atabaki mu ya tatu.»

Akabaki mu ya tatu.

Kulikuwa na mwingine wa kuomba: «Prof, jibu yote muzuri, lakini weka makosa mbili, mwalimu asizanie.» Prof alimujibu kama makosa anaweza kuyatafuta yeye mwenyewe, kazi yote hatuwezi kumufanyia.

Mais hapana zania kama mimi nilikuwa nafanya muzuri siku zote. Wiki ya kwanza kabisa, kulikuwa swali ya vitesi, ule mwendo wa gari. Nikaandika jibu, nikamurudilia Prof mbele ya kutuma, vile alinifunda.

«Soma,» akasema.

«Vitesi ya gari: makumi mbili na tano.»

«Makumi mbili na tano nini?»

«Makumi mbili na tano, Prof.»

«Kuku?»

«Hapana, Prof.»

«Mbuzi?»

«Hapana…»

«Kama hausemi ni nini, mimi naweka mbuzi. Andika: gari inakimbia mbuzi makumi mbili na tano.»

Na nikaandika. Bakadogo, nikatuma. Nilikuwa mutu wa kutii. Mutoto naye, mutu wa kutii, akakopi vile vile mu kaye, akapeleka ku shule. Mwalimu wake akamusimamisha mbele ya benzake, akamuuliza ni mbuzi kwa sekonde ao mbuzi kwa saa.

Toka siku ile, mu groupe, mutu akisahau kuandika mètres ao kilo ao sekonde, batu yote banamutupia picha ya mbuzi. Kuna siku ilijaa mbuzi sawa soko. Mais walisikia. Hesabu yenye haina jina yake nyuma, ni mbuzi. Kama hamutashika kitu ingine mu hii barua yangu, mushike ile.

Sasa nieleze vile kichwa yangu ilianza kuvimba, juu kichwa haivimbi bure.

Mutoto moja wa construction alituma swali ya béton: saruji ngapi, muchanga ngapi, mawe ngapi. Prof akakuna kichwa. Mimi mbele ya meza ya sharji nilikuwa aide-maçon, musaidizi wa mujengaji, mwaka moja na nusu, mugongo yangu ingali inakumbuka. Nikamuambia: «Prof, ku chantier tunapima na bruweti ya kusukuma. Saruji mufuko moja, muchanga bruweti moja, mawe bruweti mbili, na maçon akigeuka, unaongeza maji kidogo juu mukono inauma. Ile maji njo inavunjaka nyumba.» Prof akacheka, akapiga hesabu, akaona inaingiana. Akasema: «Tuma. Ata ile ya maji, tuma.» Mutoto akapata kumi na saba ku makumi mbili. Mwalimu alipigia mustari tatu ile sentensi ya maji.

Siku ile nilifika nyumbani natembea sawa gavana. Mama akaniuliza kama ninaumwa shingo.

Nikaanza kuzania mambo. Karibu myaka tatu nimeandika fizike kila siku. Nilikuwa najua maneno yake sawa mutu wa koro anajua nyimbo. Plan incliné, ile barabara ya kushuka. Corps, ile kitu yenye inashuka. Na mwisho wa kila swali, maneno moja inarudia: négligeons les frottements. Frottement ni ile kukwaruzana kwa gurudumu na barabara, yenye inarudisha kitu nyuma. Négligeons ni kusema tuiache, tufanye sawa haiko. Mimi niliiandika mara elfu bila kuisikia. Kwangu ilikuwa sawa amina mwisho wa maombi. Mutu gani anajiuliza amina inasema nini?

Bon. Ikafika wakati wa kuvuna maharagi. Prof iko na shamba yake Kalunguta, kule chini mu bonde, rezo haifikake. Anaenda wiki mbili kila mavuno. Mbele ya kupanda ku moto, ile pikipiki ya motard, akanishika bega:

«Kakule, swali ikikuja, unaandika maneno tatu: Prof iko shambani. Basi. Haujibu.»

«Ndiyo, Prof.»

«Rudilia.»

«Prof iko shambani.»

«Muzuri.»

Akaenda. Siku tatu niliandika Prof iko shambani. Siku ya ine, Masika akaandika.

Masika ni mutoto wa Beu, kule Beni. Alikuwa anasoma mekanike. Mu classe yake balikuwa makumi tatu na moja, bavijana makumi tatu na musichana moja, yeye. Kila asubui bavijana banamuuliza kama amepotea njia ya coupe-couture, kule banajifunzaka kushona. Na sasa garaji moja kubwa ya upande wa Mavivi ilikuwa inatafuta mwanafunzi wa staji, ule wa kujifunza kazi pale pale. Moja tu. Mwalimu wao wa atelier akatoa devoir: mwenye atafanya muzuri kupita bote, njo ataenda kule.

Masika aliandika hivi: «Shikamoo Prof. Hii devoir njo staji yangu. Nikikosa, baba amesema mwaka kesho niende kushona. Prof, mimi sindano inanikataa, napenda kufungua bulo na clé ya kumi na tatu. Nimefanya, nimepata 8,85. Naomba tu uangalie kama ni yenyewe.»

Mulisikia? Alikuwa amekwisha kufanya. Alikuwa anataka tu mutu amuambie ndiyo.

Swali yenyewe: kigari ya kilo mia moja inaanzia mu kusimama, inashuka barabara ya mètres makumi ine, toka juu mpaka chini ni kimo ya mètres ine. Négligeons les frottements. Ikifika chini, iko na vitesi gani?

Maneno tatu, bakadogo. Prof iko shambani. Mais niliangalia ile swali, nikasema mu roho: hii si fizike, hii ni chukudu! Kama kuko mutu hajaionaka, chukudu ni ile kigari ya mbao, magurudumu mbili, haina moteri, inashuka milima yetu na mizigo, na mutu amesimama juu. Butembo yote ni plan incliné. Juu ya nini niumize kichwa na barasini kare, zile hesabu za karatasi, na kitu iko inapita mbele ya meza yangu?

Nikamuita Kasereka, rafiki yangu, mwenye chukudu.

«Kasereka, leta chukudu, tutafanya fizike.»

«Itaumiza?»

«Hapana.»

«Chukudu naisemea, si wewe.»

Nilifanya kazi, musiniseme. Nilitafuta tuyo ya maji, ile ya plastike bamaçon banapimia usawa: maji ya huku na maji ya kule inakaa sawa siku zote, haidanganye. Tukatembea na tuyo nusu siku mpaka tukapata mahali barabara inashuka mètres ine kamili mu mètres makumi ine. Kilo mia moja: tukaenda ku balance ya batu ya kununua maharagi. Chukudu, makumi tatu. Mimi, makumi tano na tano. Ikabaki kumi na tano. Mama Kavugho, mwenye anauzisha mashu, zile kabichi kubwa, pale chini ya mulima, akatuazima za kilo kumi na tano, na akatuonya tusizikwaruze.

Kasereka akasimama chini na telefone ya kupima wakati. Mimi juu. Napiga kelele «Twende!», anabonyeza. Nikifika, anabonyeza. Mu kaye naandika. Tunasukuma chukudu kurudi juu, mashu ndani. Tena. Mu fizike ya Prof kigari inashukaka tu. Mutu wa kuipandisha hawamuandikake ku karatasi. Mara ya ine nilikuwa nimekwisha kuvua shati. Mara ya tano kulikuwa batoto ya kutuangalia sawa mechi.

Mara ya saba, fren. Fren ya chukudu ni kipande ya sandale ya pneu, unaikanyagilia ku gurudumu ya nyuma juu isimame. Sandale ikatoka. Nikapita Kasereka, nikaona anafungua kinywa, sikusikia kitu. Nikaingia moja kwa moja mu mashu ya Mama Kavugho, zile hakutuazima.

«Kakule! Ni nini hii?»

«Ni fizike, mama!»

«Fizike? Iende ikakule mashu kwa mama yake!»

Ile mara ya saba hatukuiandika. Mama Kavugho yeye aliiandika, mu roho, mpaka leo. Lakini tulirudilia, tukamaliza mara kumi na mbili, na zenye tuliandika zilikuwa kumi na moja. Zote zilikaribiana: sekonde kumi na mbili na nusu.

Sasa mutu wa primaire anafanya nini? Anakata, ni kusema anagawanya. Mètres makumi ine kukata na sekonde kumi na mbili na nusu: 3,2. Nikarudilia mara mbili. 3,2 tu. Na Masika alipata 8,85! Nikamusikilia huruma. Nikajisemea: huyu mutoto anaenda kupoteza staji yake, Nyamuhanga, Mungu wetu, amenituma.

Nikamuandikia: «Mwanangu, futa. Jibu ni 3,2 mètres kwa sekonde.» Chini yake nikaandika: Prof.

Akajibu: «Wasingya, asante Prof! Nilikuwa karibu kukosa.»

Mètres kwa sekonde niliandika, muone. Mbuzi haikukuwako.

Siku tatu kisha, telefone ikalia mu sanduku ya meza. Picha. Kaye ya Masika. Zero nyekundu, kubwa sawa gurudumu, na maneno ya mwalimu: Umetoa hii wapi? Chini yake Masika ameandika: «Prof, bavijana tano bamepata 8,85. Mwalimu anasema Ijumaa patron wa garaji atakuja kuchagua, na mwenye anataka kutetea kazi yake apite ku tablo. Nimesema Prof wangu atakuja kuelezea. Prof, uje. Nakuomba.»

Nilikaa pale. Mutu alikuja kuchukua telefone yake, nikamupatia ya mwingine.

Ningeandika Prof iko shambani. Sasa njo nilikuwa na hamu ya kuiandika! Lakini nilisoma tena «nakuomba», vidole ikakataa. Ijumaa asubui nikachukua kaye ya vipimo, nikapanda moto ya Beni.

Na hapa njo ile mahali niliwaambia mubakize kicheko. Barabara ya Beni inapita wapi? Kalunguta. Shamba ya Prof iko pale, upande wa kuume wa barabara. Mutu moja mu Kivu yote mwenye angeniambia kosa iko wapi, alikuwa pale, hatua mia moja. Ningesema «motard, simama». Mais ningemuambia nini, na alinikataza kujibu? Nikaona ku barabara muzee wa kofia ya majani anakaa juu ya mufuko, nikavuta koti juu ya kichwa, nikajikunja nyuma ya motard mpaka magoti ikagusa masikio.

«Grand, ni mvua?» motard akauliza.

«Endesha tu!»

Masika alikuwa ananingojea ku mulango ya shule. Mufupi, na iniforme imepasiwa, na macho inatafuta nyuma yangu.

«Shikamoo grand. Prof iko wapi?»

«Prof iko shambani,» nikasema. Ilikuja sasa, na siku kumi ya kuchelewa.

«Na ule mwenye alinijibu?»

«Ni mimi. Mimi ni… mimi njo ninaandikaka. Kidole.»

Aliniangalia. Hakupiga kelele, ingekuwa heri apige.

«Nilifuta jibu yangu,» akasema polepole, «juu ya kidole?»

Nikamunyooshea kaye, juu mukono ilikuwa inataka kufanya kitu. Akaifungua akitembea. Nikaona anasoma mustari moja, na ya pili, na anapunguza hatua. Lakini mulango ya classe ilikuwa imekwisha kufunguka, na bavijana bakaanza:

«Expert wa Masika amefika!»

«Ingénieur, karibu! Umekuja na mbuzi ngapi?»

Nusu yao balikuwa mu groupe yangu, mafala bale. Mwalimu wa atelier, mutu wa sauti ndogo na mustashi kubwa, akanionyesha tablo. Nyuma kabisa ya classe kulikaa baba moja wa kofia ya garaji, mikono imekunjwa. Patron.

«Bwana expert,» mwalimu akasema, «utuelezee hii 3,2.»

Nikachukua craie. Nikaandika makumi ine, nikapiga ile musalaba ya kukatia tulifundishwa mu ya tatu primaire, nikaandika kumi na mbili na nusu, nikashusha namba, nikapandisha, nikafika 3,2. Nikapigia mustari mbili chini. Na rula.

Makumi tatu ya bavijana bakaanguka ku meza na kicheko.

«Na frottement?» mwalimu akauliza, bila kucheka, ile njo iliniumiza. «Devoir inasema tuiache. Wewe uliiacha wapi?»

«Mwalimu,» nikasema, «ukweli wa Mungu, ile barabara niliijua mpaka mawe yake. Hakuna mahali ya kuiacha.»

Hapo patron wa nyuma akacheka, «hm», mara moja. Nikasikia mutu ananitoa craie mu vidole. Masika.

«Grand, kaa.»

Nikakaa, kwa kiti ya mbele, ya mutoto, magoti juu.

Masika akageukia classe. «Jibu ya devoir ni 8,85 mètres kwa sekonde. Nilikuwa nayo. Niliifuta juu mutu aliniambia nifute. Ile ni kosa yangu, si yake: kitu nilijua, nisingeifuta.» Akaanza kuandika, craie inapiga tablo tik-tik-tik. «Mais muangalie hii kaye. Huyu grand alishusha chukudu ya kweli mara kumi na moja. Kimo alipima na tuyo ya maji. Kilo alipima ku balance. Alikosea tu mwisho: alikata, na kukata inakupatia vitesi ya katikati. Kitu yenye inaanzia mu kusimama, inafika chini na mara mbili ya ile.» Akaandika 6,4. «Fizike inasema 8,85. Chukudu inasema 6,4. Haiko kosa. Ni barabara njo imekamata ile ingine. Donc tunaweza kujua barabara inavuta na nguvu gani.»

Na akapiga hesabu, pale pale. Mimi nilifuata mpaka mustari ya pili, kisha nikabakia naangalia mugongo yake. Mwalimu alisimama toka ku kiti bila kujua kama amesimama. Masika akafika mwisho, akaandika makumi ine na saba, akapigia mustari.

«Mbuzi!» kijana moja wa nyuma akapiga kelele.

«Newton,» Masika akasema. «Mbuzi iko nyuma, imevaa iniforme.»

Classe ikapasuka. Mwalimu akasema ile zero ya kaye inabakia, juu aliulizwa kitu moja akajibu ingine. Na kwa tablo akamupatia kumi na nane. Akageukia patron: bavijana tano biko na jibu ya kweli ku karatasi, na huyu. Achague.

Patron akavua kofia. «Mwalimu, mimi hizi racine sijui. Lakini mu garaji yangu sijaonaka gari isiyo na frottement. Ingekuwako, isingesimama.» Akamunyooshea Masika kidole. «Huyu. Ajikaze, kazi inaanza asubui mapema.»

Masika alinisindikiza mpaka ku moto. Nikamuomba musamaha, akasema bado ana hasira kidogo, itaisha kisha wiki moja. Nikamupatia groupe pale pale, yote, na picha ya Prof. Leo njo yeye anajibu, akitoka ku garaji, ukurasa inakuja na alama ya graisse, ile mafuta ya gari. Akiwa hajui, anaandika «sijui». Mimi nilirudilia meza yangu ya sharji. Njo vile nilipata pension.

Kukabaki Prof.

Alirudi Jumatatu na mifuko mbili ya maharagi. Nikamusaidia kushusha, nikamuelezea yote, toka ku tuyo mpaka ku mashu, naangalia vidole ya miguu yangu. Akakaa ku kiti yake, akatoa lineti, akaisafisha.

«Ijumaa asubui ulipita Kalunguta,» akasema.

«Prof… na ile macho?»

«Nilikuambia mimi mbuzi ningali naona. Niliona moja imejificha nyuma ya motard.» Akaanza kucheka, tumbo inaruka, machozi ikatoka. «Maneno tatu, Kakule! Prof iko shambani! Ukaona ni ngumu, ukapandisha chukudu ku mulima mara kumi na mbili!»

Kisha akanyoosha mukono, nikamupatia kaye. Hakuweza kuisoma, akapitisha tu kidole juu ya karatasi.

«Ile frottement, mulipata ngapi?»

«Makumi ine na saba.»

Akangojea.

«Newton, Prof.»

Akaitika na kichwa. Akaweka ile kaye ku magoti.

«Kakule,» akasema, «ile kitu nimefundisha batoto kuiacha myaka makumi tatu. Hatujaonanaka mimi nayo. Kesho asubui leta chukudu, na unishike mukono vile tunashuka.»